Jina la Bi Tatu Ukutani

Mwaija Mhina wa Kwaluguru ana miaka hamsini na minne, na ukimkuta anajisifu usimkatize, maana amengoja sana na haki anayo. Shule aliishia darasa la saba. Amelea watoto wanne, amezika mume, na katika miaka yote hiyo hajakosa msimu hata mmoja kupanda kunde zile nyekundu zenye jicho jeupe alizoachiwa na mama yake, Bi Tatu. Kila mavuno huchagua mbegu kwa mkono, huzichanganya na majivu, huzitia kwenye kibuyu na kuziba mdomo kwa gunzi la muhindi. Mvua ikigoma, na Handeni mvua hugoma sana, kunde za watu hukauka zikiwa bado na maua. Za Mwaija huzaa.

Mwaka jana mvua ilipogoma, bwana shamba Abdi alikuja kuzipiga picha. Akatoa daftari, akaandika "Kwaluguru namba nne." Mwaija akachungulia.

"Namba nne ndiyo nini, baba?"

"Ndiyo mbegu yako, mama. Namba moja mpaka tatu nimezikuta kwa wengine."

"Hii ina jina. Inaitwa Bi Tatu."

"Jina la kienyeji tutaliangalia baadaye, mama."

Abdi ni kijana mzuri, hakusema kwa ubaya. Lakini ile "baadaye" ilimkwama Mwaija kooni kama mwiba wa samaki. Bi Tatu alikufa bila kupigwa picha hata moja, na hakujua kuandika jina lake. Kilichobaki chake juu ya ardhi ni kunde. Sasa hata hizo zigeuzwe namba?

Miezi mitatu baadaye Abdi akarudi na habari. Mradi mmoja wa mbegu za asili ungefanya mkutano Korogwe mjini. Wakulima wa Handeni na Korogwe wangesimama mbele ya wataalamu, kila mmoja dakika kumi, na mbegu itakayochaguliwa ingezalishwa na kugawiwa vijijini kwa jina lile lile ambalo mkulima ameliwasilisha ukumbini. Ila kila mtu alitakiwa aje na slaidi.

"Usijali, mama," Abdi akasema. "Nitakutengenezea mimi."

Mwaija alijua vizuri Abdi angeandika jina gani. Akamshukuru, akasema atatengeneza mwenyewe. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta.

Alhamisi ya wiki hiyo alipanda bodaboda hadi Chanika, Handeni mjini, kwenye steshenari ya Tejal. Tejal ni mama wa Kihindu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Handeni kama baba yake na babu yake, na Kizigua anakijua kuliko huyo bwana shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka slaidi. Lakini usinitengenezee. Nifundishe."

Tejal akamtazama, akavuta kiti cha pili.

Alhamisi ya kwanza iliishia kwenye mshale. Ule mshale mdogo wa kwenye kioo ulimtoroka Mwaija kama kuku aliyeona kisu, na kila alipoufikia alikuwa amebonyeza kisichotakiwa. Alhamisi ya pili aliandika, kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Ya tatu akagundua kwamba maneno yanaweza kuingia yakibiringika kutoka pembeni, na hapo ndipo alipopotea. Kila neno likabiringika. Mandhari akaitia kijani, maandishi akayatia rangi nyekundu, na chini akapanga maua. Alifurahi kama aliyeshona nguo ya Idi.

Alhamisi ya nne akasema kazi imekwisha. Tejal akashika simu kupima muda, Mwaija akasimama mbele ya kompyuta, akaanza.

Slaidi ya kwanza ilisalimia kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ya pili ilimsalimia mgeni rasmi. Ya tatu wataalamu, ya nne viongozi wa wilaya zote mbili, ya tano wenyeviti wa vijiji, ya sita wazee, ya saba akina mama. Ya nane ikawapa watu pole ya safari. Ya tisa ikauliza hali za nyumbani, mifugo na mashamba. Yote yaliandikwa kwa ukamilifu na vyeo vyake, na Mwaija aliyasoma yote, moja moja, yakibiringika.

"Mama," Tejal akasema polepole, "dakika kumi zimekwisha. Kunde hujazitaja."

"Sasa nitaingiaje kwenye shida yangu bila kusalimia watu? Mimi nimelelewa!"

Na kweli amelelewa. Kwao Bi Tatu aliwafundisha kwamba anayeanza na shida yake kabla ya salamu ni sawa na anayeingia nyumba ya mtu bila hodi. Tejal hakubishana naye. Aliigeuza kompyuta ikaelekea barabarani, akaita ng'ambo, kwenye duka la misumari na vyombo la Mzee Taher.

"Mzee Taher! Hebu tusomee hapa!"

Mzee Taher akakunja uso kwenye kaunta yake. "Naona pilipili shambani! Kuna maandishi hapo?"

Mwaija alikasirika. Alikasirika na Taher, na Tejal, na mradi, na zaidi na nafsi yake, kwa sababu zilibaki wiki mbili tu. Akafunga kitenge chake na kuondoka bila kuaga, yeye aliyelelewa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anapalilia. Jirani yake Bibi Munira akapita njiani, wakasalimiana. Umeamkaje, bibi. Salama. Na wajukuu? Wazima. Na mguu? Unauma kidogo. Na mbuzi yule? Kazaa. Mwaija akasimama na jembe mkononi. Aliona jambo ambalo amelifanya maisha yake yote bila kulitazama. Hakuwa amemmwagia Bibi Munira salamu zote kwa mpigo. Aliuliza moja, akangoja, akajibiwa, ndipo akauliza nyingine.

Hakungoja Alhamisi. Alipofika Chanika jasho linamtoka, kwanza aliomba radhi, na Tejal akamwambia yamekwisha, akae. Mwaija akazifuta zile slaidi tisa kwa mkono wake mwenyewe. Akafuta maua. Kubiringika akakuonea huruma kidogo, kisha akakufuta nako. Akapanga slaidi sita, kila moja na jambo moja. Tano zilikuwa picha: shamba la jirani lililokauka, shamba lake la kijani siku hiyo hiyo, zote mbili alizozipiga Abdi, kiganja chenye kunde, kibuyu, sahani ya kunde za nazi. Slaidi ya sita ilipaswa kuwa picha ya mama yake. Haikuwepo. Mwaija akafikiri, kisha akaandika jina peke yake, herufi nyeusi kubwa kwenye weupe mtupu.

Tejal akaitazama slaidi hiyo. "Hapo usiongeze kitu, mama," akasema.

Korogwe ukumbi ulijaa. Aliyemtangulia alikuwa mwalimu mstaafu, Bwana Bonaventura, mkulima hodari wa mtama. Slaidi zake zilikuwa na maandishi toka juu hadi chini, naye aliwapa watu mgongo, akasoma kila mstari. Watu wakaanza kuchungulia simu. Mwaija alimwonea huruma, maana alijiona mwenyewe pale.

Likaitwa jina lake. Akashika rimoti, akageukia watu.

"Hamjambo wazee wangu na ndugu zangu?"

"Hatujambo!"

"Mvua ya mwaka jana ilinyesha kwenu?"

Akangoja. Wataalamu wakatazamana. Nyuma huko mzee mmoja akacheka, akajibu, "Wapi! Haikunyesha!"

"Kwetu pia." Akabonyeza. Shamba lililokauka likajaa ukuta. "Na nyinyi, kunde zenu zilizaa?"

"Hazikuzaa!" Sasa walikuwa wengi.

Akabonyeza. Kijani kikajaa ukuta, na ukumbi ukaguna. Simu zikawekwa chini. Akaendelea hivyo hivyo, anauliza, anangoja, anajibiwa, anabonyeza, mpaka watu wazima wakawa wanamuuliza wao, majivu kiasi gani, gunzi la nini. Zilipobaki dakika mbili akabonyeza mara ya mwisho.

BI TATU.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Picha yake sina. Ndiye aliyezichagua kabla yangu, miaka arobaini. Mbegu hii inabeba jina lake."

Makofi yakaanzia nyuma. Mtaalamu mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alipekua karatasi zake. "Hapa kwangu imeandikwa Kwaluguru namba nne," akasema. Abdi akainuka mbio kutoka pembeni. "Rekebisha, daktari. Kosa ni langu. Ni Bi Tatu." Mama yule akachukua kalamu, akakata, akaandika. Mwaija alimwona kwa macho yake akiandika, na hapo machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Kunde zake ndizo zilizochaguliwa. Kabla ya masika alirudi Chanika kuchapa lebo za vifuko vya kwanza, na alizipanga mwenyewe kwenye kompyuta, bila ua hata moja. Tejal akabandika karatasi ya kwanza mlangoni.

"Mzee Taher!" akaita. "Leo unaonaje?"

Mzee Taher akainua kichwa toka kwenye misumari yake, akasoma kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Bi Tatu!"

"Abee!" Mwaija akaitika kwa niaba ya mama yake.