Maji ya Josho la Bahi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futi kamba, daftari na onyo. Nilitoka Kondoa nikiwa nimevaa viatu vya kuchuchumia, navyo Bahi nzima iliviona kabla ya kuniona mimi.

"Bi Zuhura," alisema mkuu wangu, Bwana Mifugo wa Wilaya, "dawa ikipungua, kupe hawafi. Ikizidi, wanakufa ng'ombe. Pima kwanza ujazo wa maji."

Josho ni handaki la saruji ambamo ng'ombe huogelea kwenye maji yenye dawa. Awali dawa ilitoka serikalini bure. Miaka ile ya soko huria wafugaji walianza kuchanga wenyewe, kwa hiyo walikuja wote kuangalia. Nikapima urefu, upana na kina, nikazidisha harakaharaka ili nionekane nimesoma. Dawa ikapimwa kwenye ndoo.

Mzee Chiwanga, ambaye ukame ulimwachia ng'ombe watatu tu, akanisogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Upana umepima wapi?"

"Hapa juu, ukingoni."

"Shimo hili nililichimba mimi na wenzangu. Juu tuliacha nafasi ya tumbo na pembe. Chini ni kwembamba."

Josho lilikuwa na umbo la mche wenye uso wa trapeza, nami nilikuwa nimelifanya sanduku. Nilipaswa kujumlisha upana wa juu na wa chini, nigawe kwa mbili, ndipo nizidishe. Dawa ilikuwa imezidi kwa theluthi nzima. Kwa aibu kubwa nikasema kwa sauti, "Nimekosea. Msiimwage joshoni."

Mkuu hakunifokea. Aliwageukia wafugaji: "Maji mlileta mapipa mangapi?"

Wakataja. Mapipa yalikuwa yamekatwa juu, hayakubeba tena lita za kawaida, kwa hiyo nikapima moja: nusu ya kipenyo mara yenyewe, mara pai, mara kimo. Nikazidisha kwa idadi yake. Jibu likakaribiana na la trapeza, nililolipata kwa upana wa chini alionitajia Mzee Chiwanga. Zilipungua ndoo chache tu zilizomwagika njiani.

Tukapunguza dawa. Hata hivyo hakuna aliyetaka kutangulia. Nani amwamini msichana aliyekwisha kukosea? Mzee Chiwanga akamsukuma jike wake wa maziwa joshoni.

"Huyu amekubali kosa mbele ya watu," akasema. "Mimi nampa ng'ombe wangu."

Sijawahi kuogopa vile maishani.

Nilizunguka majosho mengi hadi nikastaafu. Sasa nakaa Makole, na wajukuu huniletea hesabu za mche na silinda. Wakimaliza hufunua nyuma ya kitabu kutazama jibu. Siku ile jibu langu lilitoka majini, likajikung'uta, likaenda kula majani.