Redio Nzima Haifunguliwi

Wateja wa zamani wa baba yake humwita Kipimo mpaka leo, ingawa mvi zimemjaa na kiuno kimekataa kuinama. Jina hilo alilipata kabla hajaota meno ya pili. Baba yake alikuwa fundi redio, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: meza yenye madoa ya risasi ya kuchomea waya, bisibisi ndani ya kopo la maziwa, na redio za watu zimelala matumbo wazi kama wagonjwa wanaomngoja daktari.

Baba alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kutengeneza redio, hakumwita mwenye redio kwanza. Alimwita binti yake.

"Kipimo! Njoo tuone kama amepona."

Mtoto alikuja mbio, miguu peku, akasimama kwenye sakafu ya saruji. Baba akazungusha kitufe. Magitaa yalipoanza kufukuzana, mtoto alicheza mpaka kanga aliyofungwa ikamvuka. Baba hakuitazama redio, aliitazama miguu. Miguu ikisita katikati ya wimbo, alizima na kufungua tena. "Humu kuna waya mwongo," alisema, na mara nyingi ulikuwemo kweli.

Ikafika redio ya mwenye bucha. Kipimo alikuwa ameanza usichana, umri wa kugombana na kioo. Baba akawasha, binti akasimama tu, mikono kifuani. Baba akafungua, akabadilisha spika. Binti hakutikisika. Akafungua tena, akachoma waya upya. Wapi!

Mwenye bucha akaja kuulizia. "Fundi, mgonjwa wangu vipi?"

"Bado. Hajachezewa."

Hapo binti akashindwa kuvumilia. "Baba, redio ni nzima. Wimbo ndio umezeeka."

Mwenye bucha alicheka mpaka akashika mlango. Kipimo alitega shavu, maana kumuumbua mzee mbele ya mteja si jambo dogo. Lakini baba aliweka bisibisi chini, akavuta kiti. "Haya, nitafutie huo ambao haujazeeka." Wakazungusha kitufe pamoja mpaka ikapatikana ngoma ya haraka haraka ambayo binti aliitaka. Baba alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu, lakini alikaa mpaka wimbo ukaisha. Kwa kukaa kule, Kipimo anamshukuru mpaka kesho.

Siku hizi chumba kilekile kina cherehani. Kipimo ni fundi wa nguo, na redio ya baba iko juu ya rafu, inapiga magitaa yaleyale aliyoyakataa wakati wa usichana wake. Sasa wimbo wa zamani ukikatizwa na matangazo, yeye ndiye anayenung'unika. Kitinda mimba wake alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani hiyo, na hata kabla hajaweza kutembea alikuwa akinesanesa kila redio ilipolia.

Mwaka huu mtoto akaacha kucheza.

Anatoka shule, anasema shikamoo, anapita chini ya redio kama anapita chini ya ukuta, anajilaza na vijiwaya vyake masikioni. Mama mtu roho ikawa juu juu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye ni mtu wa kuusikia mshindo kabla haujaja. Akamgusa paji la uso: si homa. Akainusa glasi yake ya maji: si pombe. Akamwita apimwe gauni ambalo hakuna aliyeliomba, akapitisha tepu kiunoni, akaisoma, akairudia. Kiuno ni kilekile. Akapumua kidogo, kisha akaanza upya: basi ni nini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akafunga kazi, akampeleka zahanati.

Muuguzi alimpima binti, akamtazama mama. "Mama, huyu ni mzima kuliko mimi na wewe."

"Lakini hachezi."

"Hachezi nini?"

"Hachezi tu."

Binti aliinamisha kichwa kwa aibu.

Nyumbani, babu, yule fundi redio wa zamani, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Sikio moja limeshastaafu, lililobaki linafanya kazi ya mawili. "Amesemaje muuguzi?"

"Eti mzima."

"Na wewe hukuamini."

"Baba, nitaaminije? Redio inalia asubuhi mpaka jioni, mtoto hata kidole hakitikisiki!"

Mzee akaanza kucheka taratibu, mabega yakimruka. "Kipimo wee! Umefungua redio nzima."

Kipimo akasimama na mkoba bado mkononi. Akaiona akilini redio ya mwenye bucha, tumbo wazi juu ya meza. Akajisikia mjinga, na papo hapo akajisikia mwepesi. Kumbe ni hilo tu. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaketi kwenye cherehani, akaizima redio.

"Mwanangu, njoo. Nitafutie huo ambao haujazeeka."

Binti akamtazama babu, babu akatazama dari. "Mama, utasema ni kelele."

"Nikisema nimesema. Lete."

Akapewa kijiwaya kimoja, cha pili binti akabaki nacho, vichwa vikakaribiana. Salaala! Mdundo ulikuwa kama mtu anayebomoa ukuta, na mwimbaji alisema maneno mbio mbio kama aliyeacha nguo kwenye kamba na mvua imeanza. Kelele tupu. Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Akakunja uso wa ndimu, akakaa.

"Hapa sasa, mama, sikiliza hapa," binti akanong'ona. Akamweleza nani anaimba, na kwa nini sehemu ile ngoma inanyamaza kabla ya kurudi. Tangu shule zifunguliwe hakuwa amemwambia maneno mengi kiasi hicho. Mama hakuupenda wimbo. Aliomba tu usiishe.

Ghafla binti akaangua kicheko. "Mama! Unashona hewa!"

Kipimo akatazama chini. Mguu wake ulikuwa ukiikanyaga pedeli muda wote, gurudumu linazunguka, hakuna kitambaa, na uzi umejifunga fundo chini ya sindano. Pembeni yake, visigino vya binti vilikuwa vikiipiga saruji.

Babu hakuuliza ni wimbo gani. Alikuwa ameinama kwenye kiti chake, anatazama miguu.