Mama Goti na Mstari wa Polepole

Saa mbili asubuhi, mwalimu wa chekechea yuko sakafuni, amepiga magoti. Anafunga kamba za kiatu huku akimsihi mwenye kiatu ateme kifutio. Suruali yake ina viraka viwili, vyote vya magotini. Watoto wanamwita Mama Goti, na wazazi wamelidaka jina.

"Nikisimama naona vichwa tu," anasema akicheka. "Nikipiga magoti, namwona aliyelia njiani."

Darasa lake lina watoto zaidi ya arobaini. Mmoja ni binti wa miaka sita ambaye miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Hutembea kwa kushikilia fremu ya chuma yenye magurudumu mbele. Wenzake wanamwita Bibi Harusi, na jina hilo lina kisa chake.

Alipoanza, walimpenda kupita kiasi. Walimbeba kwenda chooni, wakamlisha uji, na akiulizwa swali walimjibia kumi kwa pamoja. Mama Goti akawapigia makofi. Nani asingepiga?

Hadi siku mama yake mtoto, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, aliposimama mlangoni.

"Mwalimu, nyumbani mwanangu alikuwa anajiendea jikoni mwenyewe. Siku hizi ananyoosha mikono abebwe. Nilikuletea mtoto mkubwa, umenirudishia mchanga."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka Mama Goti. "Tulikuwa tunamdekeza mpaka tunamharibu, na kinara ni mimi."

Tangu hapo, mstari wa kwenda kunawa mikono unaongozwa na mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Ndipo wenzake walipompa jina la Bibi Harusi, maana anatangulia taratibu na msafara mzima unamfuata kama arusini. Anayetaka kumsaidia mwenzake huweka kwanza mikono mgongoni, kisha anauliza. Akikataliwa, basi.

Haikuwa kazi ndogo. Uji ulipoa, Bibi Harusi alilia akidai kubebwa, na mara kadhaa Mama Goti aligeukia ubao ili watoto wasione machozi yake.

Muhula ujao binti huyo anatakiwa kuhamia darasa la kwanza, ng'ambo ya uwanja. Mwalimu mkuu atampokea iwapo atavuka na kufika kwenye dawati bila kubebwa. La sivyo, atabaki chekechea wenzake wakiondoka.

"Sharti lile silipendi, na nimemwambia usoni," anasema Mama Goti. Angalau amembana mpaka mwashi akaja kujenga mteremko wa saruji mlangoni.

Leo wanajaribu. Mstari mzima unamfuata Bibi Harusi. Katikati ya uwanja gurudumu linanasa mchangani, naye anaketi chini, puu! Mikono yote inakwenda mgongoni. Mwandishi wa makala haya anaruka kumwinua, lakini Mama Goti anamdaka kiwiko.

"Tukusaidie?" anauliza mtoto aliye nyuma ya Bibi Harusi.

"Ngoja."

Anavuta fremu, anainuka nusu, anarudi chini. Anajipangusa mchanga.

"Shika gurudumu. Mimi usinishike."

Anasimama. Anapofika kwenye mteremko, mwalimu wa darasa la kwanza, kwa roho safi kabisa, anainama na kunyoosha mikono amnyanyue.

"Uliza kwanza!" linapaza sauti darasa zima.

Mwalimu anarudisha mikono mgongoni kama mtoto aliyefumaniwa. Bibi Harusi anampita, anaingia, anakaa kwenye dawati la mbele.

Mama Goti anafuta macho, safari hii bila kugeukia popote. Anapanga kuomba saa moja kila wiki ya kumfuatilia binti huyo katika darasa lile, japo haoni tena kama ni lazima.

"Nilikuwa naogopa, huko nani atamwelewa?" anasema. "Kumbe hahami peke yake. Anahama na hawa wote."