Jina la Mwisho Juu ya Mkaa

Usiku ule nilipanda kitandani vidole vikiwa bado vinanuka mafuta ya taa, ingawa nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara mbili. Mchana wake nilichoma nyama kwa mara ya kwanza maishani, uani hapo hapo kwa wazazi wetu, Mpwapwa, kwenye jiko la rimu ya lori alilotuachia Baba. Mkaa uligoma kushika, nikaumwagia mafuta ya taa. Moto ukapanda juu, nami kwa furaha yangu ya kijinga nikatandaza mbavu za mbuzi papo hapo juu ya wavu. Nje zikawa nyeusi, ndani damu. Mdogo wangu Joeli alikata kipande, akakigeuza, akasema, "Dada Esta, huyu mbuzi ukimwita anakuja." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni niliumia sana.

Tangu tupate akili, Baba ndiye aliyetuchomea nyama kila tulipokutana watoto wote wanne. Alipofariki, Joeli akaanza kusema tuwe tunakutana baa, tukute nyama imeiva, tukishakula kila mtu ashike njia yake. Nilikataa kwa sababu ya Mama. Mama si mtu wa kukaa baa, na tangu tuzike, siku tukiwasha moto hakanyagi uani. Hujifungia jikoni akasema ana kazi. Niliomba nijaribu mimi, nikiamini harufu ya nyama itamtoa. Haikumtoa. Joeli akanipa Jumapili moja zaidi, na nikishindwa tena, mambo ya kukutana nyumbani yangeishia hapo.

Basi nikalala na hasira zangu. Nikajikuta mnadani, jua la saa nne, vumbi limetanda, na mbele yangu yuko Baba na koti lake la kahawia, anabonyeza mgongo wa mbuzi kujua kama umejaa. Sikushtuka. Nilijua amekufa, udongo nilimtupia kwa mkono wangu, ila katika ndoto jambo hilo lilikuwa dogo, mfano wa mtu aliyechelewa kurudi safari.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba," anaitikia bila kugeuka, na mbuzi hayupo tena, mnada haupo, tuko uani kwetu na nyama iko kwenye sinia, imepakwa chumvi na limau. Hakuna kingine. Baba aliamini kwamba viungo vingi ni vya nyama yenye cha kuficha. Mkaa umewashwa kwa maganda makavu ya mahindi, na mimi nimeshika pepeo, napepea kwa pupa, jasho linanitoka. Baba ananishika kiwiko. Kiganja chake kina joto, na nilivyokuwa nimekikosa nilitaka kulia pale pale.

"Acha," anasema. "Moto huu bado una makelele."

Naweka pepeo chini. Ndimi za moto zinashuka moja moja, mkaa unaanza kuvaa jivu jeupe. Hapo Baba anafanya lile jambo nililoliona utoto wangu wote: ananyoosha kiganja juu ya mkaa, na midomo inacheza. Sisi tulidhani anaombea chakula. Mama alikuwa akituambia tufumbe macho, na tulifumba.

"Baba, unaomba nini?"

"Siombi. Nawataja. Lete mkono."

Nanyoosha kiganja kando ya chake. Tunataja pole pole, kila jina na pumzi yake: Esta, Joeli, Naomi, Daudi. Joto linanila ngozi. Nikishamtaja Daudi nauchomoa mkono na kuukimbilia wavu, maana nimewafikia wote wanne na moto sasa uko tayari.

Baba hasogei. Anatazama mlango wa jikoni.

"Umewataja wote?" ananiuliza. "Na aliye ndani?"

Ananyoosha tena mkono, anaanza upya, Esta, Joeli, Naomi, Daudi, kisha kwa sauti ya chini kabisa anasema, "Yunis." Hilo ni jina la Mama. Mbele za watu alimwita Mama Esta, sawa na mtaa mzima. Katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake.

"Moto ukikuruhusu kumfikia yeye kabla hujaondoa mkono, weka nyama," anasema. "Kabla ya hapo ni haraka zako tu. Kamwambie."

Nataka kumwambia akamwambie mwenyewe, mlango ule pale. Nageuka kuuangalia mlango. Nikirudisha uso, ni asubuhi, niko kitandani, na nje kuna sauti ya chuma kinachosuguliwa.

Nilimkuta Mama jikoni anasugua wavu niliouunguza, kwa jivu na gunzi la hindi. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamsimulia yote. Alisikiliza akiendelea na kazi. Nilipofika kwenye jina lake mikono ikasimama.

"Alisema Yunis?"

"Yunis. Baada ya Daudi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mama. Tena akaniambia nyama isiwekwe mpaka ufikiwe wewe."

Machozi yalimtoka bila sauti, na yangu yakafuata. Tukakaa hivyo mpaka maji ya chai yakachemka na kumwagika motoni, na hakuna aliyeinuka.

"Nami nilidhani anaomba," akasema hatimaye. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akauchukua tena ule wavu. "Jumapili usinitaje kimoyomoyo kama yeye. Taja kwa sauti. Nikisikia Daudi, nitatoka."