Udongo wa Ndiva

Juzi nilinunua maji hapa Same. Bomba lilikuwa kavu siku ya nne, akapita kijana wa mkokoteni na madumu yake, nikamlipa, akanimiminia kwenye pipa. Nikasimama nikiyasikiliza yanavyogonga kitako cha pipa tupu. Na wewe rafiki yangu unaujua uzee: sauti moja tu, umekwisha kurudi ulikotoka. Mimi nilirudi milimani, juu ya Makanya, kwenye ndiva ya kwetu, enzi za Mwingereza, nikiwa binti wa miaka tisa, mwongo kuliko nilivyoonekana.

Kama hukukulia Upare, ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono. Maji ya mfereji hulala humo usiku kucha, asubuhi mzee wa ndiva huzibua tundu, na kila shamba hupata kwa zamu. Maji hayo hakuna aliyeyanunua wala aliyeyauza. Uliyapata kwa msaragambo. Masika yakiisha baragumu lilipulizwa, na kila nyumba ikatoa mtu wa kwenda kuziba ukuta, kila mmoja kwenye kipande cha nyumba yake kilichopimwa kwa hatua tangu enzi za mababu. Tulimwaga udongo mwekundu wa mfinyanzi, tukautia maji, tukaukanyaga kwa miguu mitupu huku tukiimba mpaka ukashikana. Jioni watu wazima walikunywa dengelua, ile pombe ya miwa, na sisi watoto tukagombania makande ya moto. Udongo ule ulikuwa mkaidi. Uliingia kwenye kucha za miguu na kukaa siku tatu, uoge usioge, na kanisani Jumapili ulijua nani alikwenda ndivani kwa kutazama chini tu.

Nyumbani tulikuwa wawili, Bibi na mimi. Baba alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya mkonge kutafuta kodi ya kichwa, na barua zake zilikuwa zimeanza kuchelewa. Shamba la Bibi lilikuwa la kwanza chini ya ndiva, na kipande chetu cha ukuta kilikuwa pale pale juu ya mahindi yake. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa makande yetu ya mwaka mzima. Hatukuwa na chakula kingine.

Jirani yetu alikuwa na kahawa. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuezeka bati bondeni kwetu, na mvua ikinyesha watoto tulikimbilia barazani kwake kusikiliza ule mshindo. Alikuja mara nyingi kumjulia hali Bibi, na kila mara walibishana.

"Shikamoo, mama. Cha wote hakina mwenyewe," alikuwa akisema. "Kila mtu na chake, afanye kazi yake, alipwe. Ndiyo maendeleo."

"Marahaba. Kidole kimoja hakivunji chawa," Bibi alimjibu, akaendelea kupepeta.

Nimekuja kuwasikia wasomi wakibishana jambo hilo hilo redioni kwa maneno marefu. Sijasikia walichoongeza.

Mwaka huo jirani aliwaomba wazee asije mwenyewe msaragambo, alete mtu wa kulipwa. Wazee walikubali. Walifikiri mtu ni mtu, na miguu ni miguu. Kumbe yule wa kulipwa alikanyaga mpaka saa yake ilipokwisha, akanawa, akaondoka, na ukuta haukuwa umekwisha. Wenye uwezo wengine wakaiga. Wengi wa waliokuja walikuwa na jicho moja kwenye udongo na jingine kwenye kahawa ya jirani iliyokuwa imeiva ng'ambo ya ndiva, ikingoja wachumaji.

Siku ya msaragambo mguu wa Bibi ulikuwa umevimba, akanituma mimi. Niliitika jina letu mzee wa ndiva alipoita. Kisha mke wa jirani akaniita kwa mkono kutoka kwenye kahawa. Nikachota udongo, nikaupaka ukutani kwa kiganja, juu juu, ukalainika vizuri kwa macho, na nikaenda kuchuma. Nililipwa senti kumi, ile yenye tundu katikati. Nikanunua sukari guru dukani, nikaila yote peke yangu nyuma ya banda la mbuzi. Ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya tena.

"Kipande chetu umekikanyaga?" Bibi aliuliza jioni, akinipakulia.

"Nimekikanyaga."

Akanisogezea bakuli.

Baada ya wiki chache mahindi ya kona ile yakawa na kijani kibichi kuliko mengine. Watu walimpongeza Bibi. Vyura wakahamia huko, kiangazi kile, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuwa na vyura. Mimi nilijua maji yanatoka wapi. Kila asubuhi nilikwenda kugusa ukuta, na kila asubuhi ulikuwa laini zaidi, nami nikarudi nyumbani kimya. Niliogopa viboko, rafiki yangu. Ndicho nilichokuwa nikiogopa.

Ukuta ulipasuka alfajiri moja, mahindi yakianza kutoa mbelewele. Tulipotoka nje shamba halikuwapo. Lilibaki tope na mawe, na maji ya bondeni kote yalikuwa yamekwenda Makanya bila kumnywesha mtu.

Wazee walikutana. Pengo lilikuwa kwenye kipande chetu, na desturi ilidai mbuzi kwa nyumba iliyozembea. Bibi alisimama kwa fimbo yake mbele ya wote. "Mjukuu wangu alikanyaga," akasema. "Naapa kwa jina la Mungu." Mwanamke yule hakuwahi kuapa maishani mwake. Wakamwamini, na kwa kuwa kosa lilikosa mwenyewe, kila mtu akaanza kumtazama mwenzake kwa shaka. Baragumu lilipolia tena walikuja wachache, na safari iliyofuata hakuja mtu. Mwishowe jirani akajenga bwawa lake kwa saruji, akaweka kufuli, na aliyetaka maji alimchumia kahawa.

Tukachuma, Bibi na mimi, mstari mmoja. Siku moja, bila kuacha kazi, akaniambia, "Siku ile miguu yako ilikuwa safi. Hata kwenye kucha."

Nikamuuliza kwa nini aliapa.

"Nilidhani ukuta utazibwa tu," akasema. "Umezibwa miaka yote. Wewe sikujua kama ungezibika."

Ndiva sasa ni shimo lenye vichaka. Bibi yuko kaburini, na sitasema nani alikuwa na haki katika ubishi ule. Bati ni zuri, na mimi ninalala chini yake. Juzi kijana wa mkokoteni alipoondoka niliteka maji kidogo, nikanawa miguu. Yalitoka meupe kama yalivyoingia.