Riwaya ya uchawi iliyoishia kwenye karanga: kisa cha uani kwetu Bukavu

Wakuu, salamu kwenu. Ninayoandika hapa niliyaishi mwenyewe, na karanga zake nilizila mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, nchi imekatika vipande viwili: Kinshasa upande wake, sisi wa mashariki na waasi wetu. Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa barabarani, napakia mizigo kwenye malori ya Uvira. Njia ikafungwa kule Sange, kabla ya Uvira, nami nikakwama Bukavu.

Maman Zawadi, mjane wa mtaa wa Kasha, akanipa chumba. Kodi yangu ilikuwa kumchotea maji. Binti yake Nsimire alikwenda kusoma Kinshasa kabla ya vita. Tangu nchi ikatike, hakuna barua, hakuna simu.

Jirani yetu, Maman Furaha, aliuza karanga. Karatasi za kufungia alizichana kwenye vitabu vilivyoporwa nyumba moja ya wakubwa mtaa wa Ibanda. Siku moja nikamkuta na roman, riwaya nene ya Kifaransa, anaichana kuanzia nyuma. Nikamwomba, akanipa kilichobaki.

Mimi siwezi kuona kitabu nikakiacha. Ndio ugonjwa wangu.

Mchana risasi zikilia, majirani walijazana uani kwetu. Betri za redio zimekwisha. Nikaanza kuwasomea, nikigeuza kwa Kiswahili papo hapo. (Maneno magumu niliyaruka, wakuu. Kuna farasi wawili mpaka leo sijui walifikaje ikulu.)

Kisa chenyewe: mfalme amekufa, mawaziri watatu wanagombea kiti. Kuna binti mfua nguo, Selani, ambaye maji yanamtii. Akiinua mkono, ziwa linainuka. Lakini kila akitumia nguvu hiyo, anamsahau mtu mmoja anayempenda.

Maman Zawadi akashika rozari yake. "Bulozi mu nyumba yangu? Apana! Funga hiyo kitabu."

"Maman, haiko bulozi. Iko karama."

Akaiachia rozari. "Kama iko karama, soma."

Haukupita muda, uani kukawa na vyama. Papa Déo, karani asiyeukumbuka tena mshahara, alikuwa upande wa waziri wa jeshi.

"Ule iko na programme!"

"Eti programme!" Maman Furaha akamrukia. "Ngoja akuajiri mu kitabu, Papa Déo, hapa inje hakuna mwenye kukulipa!"

Huko nje kumtaja mkubwa kwa jina ilikuwa hatari. Uani tuliwatukana mawaziri watatu kwa sauti, na hakuna aliyekamatwa.

Selani aliyeanza akiogopa hata kukohoa mbele ya wakubwa, akajifunza kuwaambia hapana. Mawaziri wakakimbia. Kisha mafuriko yakaja juu ya mji, na aliyebaki kichwani mwake alikuwa mtu mmoja tu: mama yake.

Akainua mkono.

Hapo kurasa zikaisha.

"Na mama yake?" Maman Zawadi akauliza kwa sauti ndogo. "Anamukumbuka?"

Sote tulijua anamuulizia nani.

Basi wakuu, tukaanza kutafuta mwisho kwenye karatasi za karanga. Risasi zikitulia, uani mzima tunatoka kununua karanga. Papa Déo alisimamisha wateja njiani: "Kula mbio, muzee, tunangoja karatasi!" Tukapata hesabu za shule, tukapata sala, tukapata namna ya kupika keki. Matumbo yakatuuma.

Mwishowe Maman Furaha akaja anakimbia na ukurasa wa mwisho. Nusu tu, umelowa mafuta. Nikasoma: Selani akafungua mlango. Mwanamke mzee alikuwa amesimama pale. Selani akamtazama, akasema...

Pamechanika.

Wote wakanigeukia nitunge.

"Nyamaza," Maman Zawadi akasema. "Mimi najua. Selani hamukumbuki. Basi mama anamuambia: mimi ni mama yako, ingia, ukule. Tutajuana tena."



Nchi ilipoungana, Nsimire akarudi. Sura imekomaa, Lingala mdomoni, Kiswahili kinamkwama. Akasimama mlangoni kama mgeni, anaogopa kuingia.

Maman Zawadi akafuta mikono kwenye kitenge. "Mimi ni mama yako. Ingia, ukule."

Nsimire hakuelewa kwa nini uani mzima tulipiga makofi.

Nilichojifunza: hadithi ya kubuni inaweza kumzoeza mtu siku yake ya kweli kabla haijafika.

Na wewe, ni kitabu gani kilikushika mkono wakati mbaya? Tuambie hapo chini. Ila ukiitambua riwaya hii na unazo kurasa za mwisho, nakuomba sana: fungia karanga.