Hirizi Shingoni mwa Adey

Juzi katika soko la mifugo la Garissa nilimwona mtoto wa kike amekumbatia shingo ya mbuzi aliyeletwa kuuzwa. Papo hapo nikawa niko kwetu Takaba tena, utotoni, puani nina harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi.

Nilikuwa navaa hirizi ndogo ya shaba, kuukuu hata imekuwa nyeusi. Ayeeyo, bibi yangu, aliivua shingoni mwake akanifunga mimi nilipougua surua. Alisema anayeivaa hapotei, hurudi kwao.

Alasiri moja baba alipakia mbuzi kwenye lori la Garissa, na Adey, mbuzi wangu mweupe, alikuwa kati yao. Nikamfunga ile hirizi, nikaificha chini ya ndevu zake. Lori likaondoka na milio yao. Sikulia, maana nilijua atarudi.

Jioni ayeeyo alinigusa shingo, akaikosa hirizi. Nikamweleza kwa fahari.

"Umefanya vizuri, ayeeyo," akasema, kwa kuwa kwetu bibi humwita mjukuu kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Njia yake ni ndefu."

Tukakaa mlangoni tukiitazama barabara. Nilidhani naye anamngoja Adey.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba hirizi ile ayeeyo alipewa na mama yake siku walipoagana, na hawakuonana tena.

Juzi pale sokoni nilitazama chini ya ndevu za kila mbuzi.